Sura ya Tano: Miwani Iliyogeuza Uso

Kufika Jumamosi asubuhi, Tukuyu ilikuwa imeshakaa kikao, imesikiliza pande zote na kutoa hukumu. Sokoni walisema Yusra wa duka la vitenge amemuua mwalimu wake kwa miwani ya kichawi. Saluni wakasema hapana, hajafa, ila mkono umekatika. Vijana wa bodaboda pale stendi, ambao habari huwafikia kabla haijatokea, walikuwa na uhakika kwamba mwalimu yuko hospitalini anakula ndizi, na kwamba chanzo cha yote ni mapenzi. Kila mtu alikuwa na lake, na mvua nayo ilikuwa na lake: ilinyesha tu, kama ilivyo desturi ya mji huu ambao mvua haiombwi kuja, huombwa ikome.

Inspekta Samira hakuwachukia wenye maneno. Alikuwa mtoto wa Kondoa, amekulia nyuma ya kibanda cha chai cha mama yake, na aliamini kuwa umbea ni ushahidi ambao haujaoga. Ukiusugua vizuri, unaweza kukuta ngozi ya mtu chini yake.

Ukweli wa faili ulikuwa mfupi. Ijumaa, saa ya chakula, Mwalimu Reuben wa Chuo cha Ufundi Kilimbwa kule Ibighi alizima umeme kwenye swichi kubwa, akatundika kadi ya onyo, akaenda karakana ya useremala ya jirani kutengeneza mashine ya randa. Akiwa ameshika nyaya, mtu akawasha. Mwalimu akarushwa, mkono ukaungua, mtulinga ukavunjika. Swichi yenyewe imo karakana ya umeme, na saa hiyo mlikuwa na mtu mmoja tu, amevaa miwani ya mafunzo. Miwani hiyo ilifunguliwa kwa namba ya siri ya Yusra. Na Yusra alikuwa amegombana na mwalimu huyohuyo Alhamisi, mbele ya darasa zima. Jumatatu binti alikuwa apandishwe kizimbani kwa kujaribu kuua.

Samira alimkuta chumba cha mahojiano, ushungi umekaa upande, macho mekundu. Koplo Simon alikuwa amemwekea maandazi mezani, nayo yalikuwa yamekaa vilevile.

"Kula kwanza."

"Sina njaa, afande."

"Haya. Mligombania nini na mwalimu?"

"Kaniondoa timu ya Nanenane. Kamweka Allen, ambaye hata waya anaumenya kama muhogo."

Simon akakohoa kuficha kicheko.

"Ukamwambia ataona."

"Ndiyo. Ataona watakavyorudi kutoka Mbeya mikono mitupu."

"Jana saa ya chakula ulikuwa wapi?"

"Stoo. Nilikuwa nasali adhuhuri."

"Na nani?"

"Na Mungu."

"Miwani?"

"Niliiacha mezani kwangu."

"Namba ya siri?"

"Ni yangu."

"Nani mwingine anaijua?"

Hapo binti aliyekuwa na jibu kwa kila swali akaishiwa ghafla. Akatazama maandazi, akatazama dirisha, akavuta ushungi.

"Andika unavyotaka, afande."

Nje, Samira akamwambia Simon, "Mwongo huongeza maneno. Huyu kayakata. Kuna mtu kambeba."

"Kambeba nani?"

"Ningejua, ningekuwa nimeshakunywa chai. Washa gari."

*

Mkuu wa chuo, Bi Atupele, aliwapokea mlangoni mwa karakana kwa uso wa mtu aliyefiwa na kikombe chake cha kwanza cha chai. Juu ya mlango pamepakwa rangi mpya: KARAKANA YA UHALISIA MSETO.

"Mseto si chakula, afande?" Simon akanong'ona.

"Leo ni kesi. Nyamaza."

"Inspekta," alianza Bi Atupele, "nikwambie ukweli. Miwani hii tumeihangaikia sana. Waliotupa wanakuja kuitazama mwezi huu. Mimi ningeomba jambo liishe."

"Liishe kwa mwanafunzi mbaya, siyo kwa miwani mbaya."

Bi Atupele hakukana. Alikuwa mwanamke mkweli, ila amechoka. Akafungua kabati, akatoa miwani mojawapo, kubwa kama ya wachomeleaji lakini ya kioo laini.

"Haikufungii dunia," alisema. "Unaendelea kuona ukuta, meza, hata mikono yako. Yenyewe inachora vitu katikati ya hivyo. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza huwezi kumkabidhi umeme wa kweli. Unampa wa kuchorwa. Akikosea, anaona cheche, anapata sifuri, anakwenda kula chakula chake akiwa mzima."

Samira akavaa. Kwanza hakuona jipya: mabenchi, madirisha yenye ukungu, Simon na masikio yake. Kisha, kwenye ukuta wa mbao uliokuwa mtupu, likachanua boksi la umeme lenye waya za rangi zote na mkono wa swichi unaong'aa. Akanyoosha kidole. Hakugusa kitu, lakini waya mwekundu ukamfuata kidole kama kifaranga. Akauchomeka alikodhani ndiko. Pakatokea mlipuko wa cheche, naye akaruka nyuma hadi benchini.

"Umeungua, afande?" Simon alikuwa ameshika mbavu.

"Wewe cheka tu. Zamu yako inakuja."

Lakini hakuivua. Alikuwa amepatwa na ule mwasho uliomfanya awe polisi badala ya kuuza chai: hamu ya kugusa kitu mpaka kijieleze. Akachomeka upya, akapandisha mkono wa swichi, taa ikawaka mahali pasipo na taa. Akaushusha. Akaupandisha tena.

"Mkono hauna uzito," alisema.

"Hauna. Ni picha."

"Na swichi ya kweli iko wapi?"

Ilikuwa mwisho kabisa wa karakana, nyuma ya pazia la turubai. Mafundi walikuwa wamekata umeme nguzoni, kwa hiyo haikuwa na hatari tena. Kadi ya Mwalimu Reuben ilikuwa bado inaning'inia kwenye boksi, herufi nyekundu: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI.

"Hakuna kufuli la kufungia swichi?"

Bi Atupele akasafisha koo. "Lipo."

"Wapi?"

"Kwenye droo."

"Kwa hiyo mwalimu aliiachia karatasi kazi ya kufuli." Samira akasogea kuisoma vizuri ile kadi, miwani ikiwa bado usoni. Akasoma neno la kwanza. La pili hakuliona, kwa sababu kadi haikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na boksi la kuchorwa, lilelile la waya za rangi, limetulia ukutani kama limezaliwa hapo.

Akavua miwani. Kadi ipo. Akavaa. Kadi hakuna.

"Bi Atupele, picha hii inafuata watu?"

"Ukienda mbali na ulipoianzishia, inakutafuta. Inakaa ukuta ulio mbele yako, ili usihangaike kurudi."

"Na ukuta wenyewe ukiwa na swichi ya kweli?"

Mkuu wa chuo akatazama pazia. "Wanafunzi hawaruhusiwi kuvuka pazia wakiwa na miwani."

"Sikuuliza wanaruhusiwa nini."

Samira akapandisha mkono wa kuchorwa. Safari hii vidole vyake havikupita hewani. Vilikutana na chuma cha baridi, kikagoma kidogo, kisha kikapanda: *ta!* Simon aliacha kucheka.

"Aliyewasha hakuona kadi," alisema Samira. "Hakuiona kwa sababu ilikuwa imemezwa na picha. Alidhani anacheza na ile isiyoua."

"Basi ni ajali!" Bi Atupele akashika kifua. "Yusra aachiwe."

"Ni ajali kwa maneno yangu mimi. Mwendesha mashtaka atauliza: kwa nini mwanafunzi mzuri aliyejua sheria avuke pazia? Alifuata nini huku? Hilo sina jibu."

*

Jibu, kama lilikuwapo, lilikuwa ndani ya miwani. Kila iliyovaliwa ilihifadhi ilichokiona, na kituoni walikuwa wameshaitazama rekodi ya Ijumaa wote, hadi OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, wakiukodolea macho mkono wenye glavu unavyopandisha swichi. Samira akaomba kishikwambi cha Bi Atupele, akaketi benchini na Simon.

"Safari hii acha mkono," alisema. "Tazama kioo kinaelekea wapi. Tunatazama shingo ya mtu."

Rekodi ikaanza. Mvaaji yuko ukuta wa mbao, ametulia, anaunga waya polepole. Anainua uso, anatazama mvua dirishani. Allen anapita nje na sahani, mvaaji anamsindikiza kwa macho, anarudi kazini. Mtu asiye na haraka wala wasiwasi. Kisha mlango unafunguka, anaingia Mzee Anyelwisye, mlinzi wa getini, ameshika chaja ya simu.

Picha ikaanguka. Siyo kugeuka, kuanguka: sakafu, ncha za viatu, sakafu tena. Sauti ya mzee ikasikika, "We Yusla, unakimbia nini?" Dunia ikazunguka, turubai likapita, ukuta wa nyuma ukajaa kioo. Mvaaji akasimama pale akihema. Boksi la kuchorwa likamfuata, likakaa. Mkono ukainuka, kama wa mtu anayejitafutia kazi ya kufanya ili asionekane amesimama bure. Ukakwama kidogo, ukasukuma. Na kutoka chumba cha pili, ukelele.

"Ndivyo mzee alivyoandikisha," Simon akasema. "Kwamba binti alipomwona alikimbia, na mwenye hatia hukimbia."

"Hatia ipi? Hapo Reuben bado mzima. Mtu hukimbia kosa alilolifanya, hakimbii atakalolifanya."

Simon akafikiri. "Basi alimkimbia mzee mwenyewe."

"Kwa nini binti amkimbie mzee wa getini?"

Koplo akashusha sauti, akatazama nyuma yake. "Wazee wengine, afande, wana mikono mirefu kwa mabinti."

Samira hakulipenda, lakini alilichukua. Kazi yake haikumruhusu kuchagua anayopenda.

*

Mzee Anyelwisye alikuwa kibandani mwake getini, koti kubwa, jiko la mkaa miguuni, mwavuli umefunguliwa ndani ya nyumba.

"Mugonile, tata," Simon akamwamkia Kinyakyusa.

"Ndaga, ndaga mwanangu."

"Shikamoo, mzee," Samira akasema.

"Malahaba. Kaeni, kuna stuli moja, gombaneni."

Wakati wanaketi, wasichana wawili wa ushonaji wakapita getini. "Shikamoo, Mzee Anyelwisye! Leo umevaa mablanketi yote?" "Malahaba, wambea nyie!" Walimtazama usoni wakacheka, wakaenda zao. Samira akaliweka hilo akilini.

"Mzee, Yusra umemjua tangu lini?"

"Tangu aingie chuo. Mtoto mwema yule, ndiyo maana imeniuma. Ana mdomo, lakini mwema. Chakula changu cha mchana ananiletea yeye, na mvua hii."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Ananiambia, babu, leo wamekupunja nyama, niwashtaki? Ndiyo Yusla huyo."

"Hamjawahi kukwaruzana?"

Mzee akashangaa kwa dhati. "Mimi na mtoto wa Fahadi wa vitenge? Babu yake nilicheza naye bao."

"Jikoni si palepale? Kwa nini usifuate mwenyewe?"

"Jikoni mimi siendi."

"Miguu?"

"Miguu mizima." Mzee akachokoa mkaa na kijiti. "Siendi tu."

Alilisema bila uchungu na bila kujificha, kama mtu anavyosema kwamba kanisani haingii na kofia. Na Samira, aliyekuwa amefungua mdomo kuuliza swali jingine, akaufunga.

Maana alikuwa ameshaliona jambo hili, na lilikuwa limemtia aibu. Alipohamia Tukuyu alipanga chumba kwa Mama Meshaki, nyumba iliyojaa watu kama mkutano. Mke wa Meshaki, kila baba mkwe alipoingia kwa mlango wa mbele, alitupa beseni akatokea wa nyuma. Samira akaamua ndani ya nyumba ile mna ugomvi mzito. Kwa roho safi akapika pilau la kuwapatanisha, akawaalika wote wawili mkeka mmoja. Mkamwana hakutokea kabisa, na baba mkwe alikula uani, kwenye manyunyu. Mama Meshaki alicheka hadi akalia, ndipo akamweleza: mkamwana hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mkamwana. Hawakai chumba kimoja. Mke hata jina la mzee halitaji. Wa mjini wengi wameacha, lakini zipo nyumba ambazo bado zinalishika sana. "Si ugomvi, mwanangu," alisema Mama Meshaki akifuta macho. "Ni heshima. Wewe na pilau lako!"

Samira akaaga, akamvuta Simon hadi chini ya mapaa ya ofisi.

"Mpishi wa chuo ni nani?"

"Janeth. Mumewe Jotham, yuko machimboni Chunya."

"Jotham wa nani?"

Simon akageuka kutazama kibanda cha getini.

"Mwe! Wa mzee," alisema.

"Na wewe Mnyakyusa mzima umeitazama rekodi ile mara ngapi?"

"Afande, nilikuwa natazama mkono."

"Ovaroli ya karakana, miwani nusu ya uso, kichwani kitambaa. Mzee kaona kitambaa, kasema Yusra. Na hakumtambua kwa sababu njema kabisa: tangu aolewe mwanamke yule, hajawahi kumtazama."

Kule getini mzee alikuwa ameacha kuchokoa mkaa. Alikuwa anawaangalia.

*

Janeth alikuwa anakoroga makande kwenye sufuria lenye ukubwa wa kuogea mtoto, mwanamke mrefu, mikono yenye makovu ya mafuta ya moto.

"Karibu, dada. Samahani, moshi."

"Sitakaa. Ijumaa saa ya chakula, nani aliingia karakana ya umeme?"

"Nasikia mlinzi."

"Mlinzi gani?"

"Wa getini."

"Ana jina?"

"Analo."

"Anaitwa nani?"

Mwiko ukazunguka, ukazunguka. Samira akasubiri. Kusubiri kulikuwa nusu ya mshahara wake.

"Chuo kizima kinamwita Mzee Anyelwisye," Samira akasema hatimaye. "Mkuu, wanafunzi, wauza maziwa. Wewe peke yako umenijibu mlinzi."

Mwiko ukasimama.

"Yusra kasema?"

"Yusra hajasema neno. Na Jumatatu atapandishwa kizimbani vivyohivyo, bila kusema neno."

Janeth akaketi juu ya gunia la viazi. Maneno yalimtoka taratibu kwanza, kisha yakafurika. Alikuwa akiwapelekea mafundi chai, akiwaona wamevaa miwani wanapapasa hewa, akicheka. Siku moja Yusra akamvisha na kumpa namba yake ya siri, basi. Tangu hapo, saa ya chakula, Yusra akienda kusali, yeye alivaa ovaroli na kuingia. Alikuwa ameshajua kufunga soketi. Kwao Lufingo umeme umefika, fundi hakuna.

"Unapika, unaosha, unapika tena," alisema, "na kesho hakuna kilichobaki. Lakini waya ukiufunga vizuri unakaa, dada. Taa ile ilipowaka mara ya kwanza, ya kuchorwa tu, nilikaa chini."

"Ijumaa."

"Mlango ni mmoja. Aliingia kwa huo. Ningetokea wapi? Nikaenda pazia. Mwili ulienda, mimi sikuupeleka. Nikasimama pale, ile picha ikaja, nikasema nijifanye nafanya kazi, ataondoka." Akafunika uso kwa aproni. "Niliposikia ukelele sikujua hata kama ni mimi. Kila mtu alikimbilia useremala, nikarudi huku. Baadaye ndipo nikaelewa."

"Kwa nini hukuja?"

"Nimevaa viatu mara ngapi! Nafika hapo migombani narudi." Akamtazama. "Polisi naiogopa, nisikudanganye. Lakini si hiyo. Alinitazama, dada. Nimevaa suruali, kanitazama, kaniita, kisha kaenda kwenu kusimulia nilivyokimbia, na mikono kaonyesha. Akijua ni mimi ataacha kazi arudi kwao Kinyala, hataonekana tena. Jotham atauliza baba kafukuzwa na nini. Nitamjibu nini?"

Samira akalitoa jibu lake bila kulipaka asali.

"Yusra ana mama, analia dukani. Mwanawe amelala mahabusu kwa ajili ya heshima ya mkweo. Sikwambii hakuna kitakachokupata. Utaandikisha maelezo, utaulizwa. Lakini kosa na nia mbaya ni vitu viwili, na rekodi iko upande wako, na kufuli lililobaki kwenye droo liko upande wako. Kinachombana Yusra sasa ni macho ya mzee mmoja."

Janeth akavua aproni. Akachota makande kwenye hotipoti, akafunga kwa kanga.

"Yusra hajala, najua," alisema. "Akiudhika hali."

*

Gari lilikuwa nje ya geti, na geti lilikuwa na mwenyewe. Samira akamwacha Janeth nyuma ya ukuta wa ofisi, akaenda kibandani na Simon. Njia nzima aliwaza namna ya kumwambia mzee alimwona nani, na kila namna ilikuwa mbaya. Akaamua kutomwambia.

"Mzee, nina swali moja tu. Yule uliyemwona Ijumaa, alikusalimu?"

Mzee Anyelwisye akatazama mkaa. Akatazama upande wa jikoni, mara moja tu, akarudisha macho haraka kama aliyegusa sufuria. Samira alimwona akiirudia Ijumaa yote: mlango, kitambaa, mgongo unaokimbia.

Mzee akasimama. Akachukua stuli yake, akaigeuza, akaketi kuelekea ua wa michongoma, mgongo kwa chuo kizima.

"Mwanangu," alimwambia Simon, "toa kalamu. Andika upya maneno yangu. Nilisema nilimwona Yusla. Sikumwona. Yusla angenisalimu."

Simon akaandika. Kwa mazoea ya kazi akauliza, "Sasa ulimwona nani, tata?"

Samira akamkanyaga, lakini mzee alikuwa ameshainua mkono.

"Andika mlinzi aliona asiyepaswa kumwona, na kosa ni la mlinzi, aliyeingia bila kupiga hodi. Nitaweka dole gumba." Akavuta koti. "Halafu mwambieni apite. Mvua inamnyeshea."

Janeth akapita. Viatu mkononi, hotipoti kifuani, ameinama, upande wa mbali kabisa wa geti, na hakuna hata jiwe lililolia chini ya nyayo zake. Mzee hakugeuka. Mlango wa gari ulipofungwa, alipumua, akaongea na michongoma kwa sauti ya kusikika hadi ofisi ya mkuu.

"Na yule mama Mkuu mwambieni, kama mpishi wake anataka kujifunza umeme, ajifunze. Ila chumba chenye mlango mmoja si cha kumfundishia mkamwana wa mtu. Watoboe wa pili."

Simon akasimamisha kalamu. "Hiyo nayo niandike, afande?"

"Hiyo," Samira akasema, "iandike mwanzo kabisa."